Siku Boksi la Barafu Lilipogombea Urais

Pale Misiera, ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale nchini Uganda, mahali barabara ya kutoka Base Camp inapopita mbele ya maduka, pana benchi refu la mbao ambalo miguu yake imezikwa ardhini ili mtu asilihamishe. Nyuma yake ni jiko la Mama Pélagie, ambaye kahawa yake ina tangawizi ya kumtoa mtu mzima machozi, na kwa hiyo anaitwa Mama Tangawizi. Mwisho wa benchi, upande wa kivuli, hukaa Kalume, fundi viatu na shemasi wa kanisa, mtu wa Fizi kule Congo, ambaye huanza sentensi wakati wenzake wameshamaliza kikombe. Yeye wanamwita Polepole. Kando yake hukaa Appolinaire, aliyesoma mwaka mmoja wa chuo kikuu huko Bukavu, na mwaka huo mmoja ukamtosha kuitwa Rekta, yaani mkuu wa chuo. Jumanne huongezeka Hudu, Mganda wa Ruti, anayepita na pikipiki kwenye vituo vya afya kukusanya vichupa vya damu na kuvipeleka maabara Mbarara. Vichupa hukaa ndani ya boksi la bluu lenye barafu, lililofungwa nyuma ya siti kwa kamba za mpira. Ndiyo maana Hudu anaitwa Barafu.

Jumanne hiyo Hudu alikuwa ameshamaliza vituo vyake vyote. Alisimama anywe kikombe kimoja tu aendelee na safari. Hata helmeti hakuivua.

— Barafu, balishapiga kura ao bado? aliuliza Mama Pélagie kabla hajamimina.

— Bado, mama. Safiyah amesema ni leo, kabla ya chakula cha mchana. Akipata habari tu, anatuma sauti kwa simu.

Safiyah alikuwa mpwa wa Daktari Swaleha, wanaishi nyumba moja kule Nyamityobora, Mbarara. Na Daktari Swaleha ndiye mkuu wa maabara ambako vichupa vya Hudu hupokelewa. Sasa alikuwa ng'ambo, kwenye mkutano mkubwa, akigombea urais wa shirikisho la maabara za tiba la dunia nzima. Wiki nzima benchi halikuwa na habari nyingine. Hata mpira walikuwa wameusahau.

Kalume aliinamia kazi yake. Alikuwa na kiatu cha mtoto mkononi, na tangu asubuhi alikuwa akikishona tundu lile lile.

Yeye alikuwa na sababu yake. Mkewe, Mariette, aliugua kabla ya mvua zilizopita. Damu yake ilichukuliwa, ikapelekwa Mbarara, na majibu yalipokuja yalikuta watu wamekalia mikeka ya matanga. Aliyeyaleta alikuwa Daktari Swaleha mwenyewe. Alivua viatu, akakaa chini pamoja na wafiwa, akasema ugonjwa ule ulikuwa na dawa. Kalume akamuuliza damu ya mke wake ilikuwa wapi siku zote hizo. Daktari akainamisha kichwa. "Njiani, mzee," akasema. "Ilikaa njiani. Siku nikipata kiti ambacho watu wakubwa wananisikiliza, nitazungumza habari ya njia hiyo."

Kwa hiyo Kalume alitaka Daktari apate kiti. Jumapili alimwombea kanisani kwa jina, mbele ya watu wote. Mama mmoja akamnong'oneza kwamba huyo ni Muislamu. Kalume akamjibu, kwa mwendo wake ule ule, kwamba kupanga ni kwa Mungu. Kazi yake yeye ni kutaja jina.

— Mi nitabaeleza namna banachagua kule, alisema Rekta, akasogeza kofia nyuma. Hakuna makaratasi. Bale ni batu ba labo! Mutu akifika ku mulango, banamuchoma kidole, tone moja ya damu juu ya kioo. Ile tone ndiyo kura.

— Wacha, Rekta!

— Utaiba kura namna gani? Damu yako iko moja. Ukirudi mara ya pili, mikroskopi inakushika: huyu tulishamuona asubui!

Hudu alicheka mpaka kahawa ikampalia.

— Banange! Mimi nabeba damu kila wiki, sijaona kura ndani.

— Wewe unabeba. Haufungulake.

— Na mutu wa grupu O? aliuliza Mama Pélagie. Fasi nilizalia, baliniambia O inasaidia batu bote.

— Hapo ndiyo politiki iko sasa! Rekta alisimama. O anaweza kupatia kila kandida kura. AB, yeye anapokea tu, hapana toa. Kandida mwenye akili anatafuta ba O usiku, anabalalisha ku hoteli muzuri, anabakulisha maini damu iongezeke...

— Mi niko O! Mama Pélagie aligonga birika kwa mfuniko. Wanangu, mi niko O, na hakuna mutu amenilalisha ku hoteli!

Wakacheka wote, hata kinyozi wa jirani akatoka na mashine mkononi, mteja wake akimfuata na kichwa kilichonyolewa upande mmoja.

— Nyinyi watu, sikilizeni, alisema Hudu akifuta ndevu. Daktari amenieleza mwenyewe. Kila nchi inapiga kura moja. Uganda moja, Kenya moja, China moja.

— China na Uganda sawasawa?

— Sawasawa, wallahi.

Habari hiyo iliwapandisha joto. Rekta akaanza kugawa dunia. Afrika yote alimpa Swaleha kwa mpigo mmoja. Bara Hindi alisema ni majirani wa zamani, hawawezi kukataa. Ulaya aliigawa katikati kwa kiganja, kama mkate. Kinyozi akabisha kuhusu Ureno, ikawa kelele. Hudu aliangalia simu, akaangalia barabara.

— Mimi naenda sasa. Barafu haingojei mtu.

Kalume aliinua kichwa.

— Ngoja... kidogo... mwanangu, alisema. Utasikia... habari... pamoja na sisi.

Hudu alimheshimu sana mzee huyo. Akakaa tena. Mama Pélagie akamjazia kikombe.

— Mi niko na swali, alisema mama huyo. Kila inchi, kura moja. Ni vizuri. Na Nakivale je? Ni inchi gani?

— Sisi ni Congo, alisema Rekta.

— Congo ni bale benye bako Congo. Mi nilitoka na sufuria moja na batoto.

— Basi ni Uganda.

— Uganda ni mimi, alisema Hudu. Nyinyi ni wageni wangu.

— Muliona? Wagonjwa ni sisi, damu ni yetu, kura hapana!

Ndipo Kalume alipoweka kiatu chini, na wote wakajua kuna sentensi inakuja, wakaingoja.

— Tupige... ya kwetu, alisema. Hapa. Mungu... ataiona.

Nani angekataa? Hudu akapiga goti lake kwa furaha. Alisema wapige kwa mstari, kama mwenyekiti wa kijiji anavyochaguliwa Uganda: mgombea anasimama, watu wake wanapanga nyuma yake, wanahesabiwa mchana kweupe, hakuna sanduku la kuibiwa. Rekta akajiteua msimamizi. Lakini mstari ni lazima uwe nyuma ya mtu, na Swaleha hakuwepo.

Kalume alikuwa ameshaondoka kwenye benchi. Alikwenda kwenye pikipiki, akafungua kamba za mpira moja baada ya nyingine, akabeba boksi la bluu kwa mikono miwili kama anavyobeba sahani ya sadaka.

— Hii... inafikaka mu mikono yake, alisema. Itasimama... kwa fasi yake.

— Mzee, boksi langu! alisema Hudu, lakini alikuwa anacheka, na sasa akavua helmeti.

Wakaliweka juu ya stuli, katikati ya uwanja. Mpinzani alikuwa profesa fulani wa Ulaya ambaye jina lake hawakulijua, basi wakamsimamishia gunia la makaa la Mama Pélagie. Rekta alipiga makofi.

— Bapiga kura! Kila mutu nyuma ya kandida wake!

Kalume alisimama wa kwanza nyuma ya boksi. Mama Pélagie wa pili, na kijiko chake. Kinyozi, na mteja wake wa nusu kichwa. Wakaja akina mama wa Kisomali kutoka duka la vitambaa. Akaja Mrundi mwuza mifagio na mifagio yake begani, na Muhabeshi wa duka la unga, ambaye hakuelewa kitu ila alipenda mistari. Nyuma ya gunia la makaa alikwenda kusimama mbuzi mmoja.

— Ulaya, kura moja! Rekta alipaza sauti, na uwanja ukalipuka.

— Mnyime huyo! Hana kitambulisho!

— Kandida Swaleha: Congo! Burundi! Somalia! Etiopia! Uganda! Mutaona leo, bandugu! Nakivale iko na inchi mingi kupita ile sale yabo ya mukutano!

Wanawake walipiga vigelegele. Mariette angekuwepo, angepiga kuliko wote. Kalume aliwaza hivyo, na kwa mara ya kwanza tangu matanga aliliwaza jina hilo huku anatabasamu. Jua lilikuwa limeshapanda juu ya maduka, kivuli kimerudi ukutani, na mfuniko wa bluu ulikuwa unang'aa machoni pake.

Wakati huo alikuja mtu kutoka upande wa kituo cha afya, anatembea haraka. Alikuwa mgeni. Kandambili zake zilikuwa zile mpya wanazopewa watu wanaofika. Alipoona umati akasimama.

— Bandugu, hapa iko nini?

— Tuko nachagua prezida wa malabo ya dunia nzima! Ingia mu mustari, ndugu! Jina?

— Gad. Nimetoka Mwenga.

— Gad wa Mwenga! Kura ya Congo imeongezeka!

Mtu huyo akaingia kwenye mstari kama alivyoambiwa, maana mgeni hukaa anapoelekezwa. Mama Pélagie akamvuta mbele, akamweka nyuma ya Kalume. Gad akatazama mbele. Akatazama tena. Kisha akamgusa Kalume begani kwa kidole, kwa adabu.

— Papa, samahani. Ile boksi ya bluu... Asubui munganga alitia damu ya bibi yangu mule ndani. Eko na mimba, na homa inakatala kushuka. Baliniambia majibu itatoka Mbarara, nisichoke kungoja. Sasa, Papa... inangoja nini hapa?

Aliuliza bila hasira. Kweli alitaka kujua. Huenda alidhani huo ndio utaratibu wa nchi hii.

Kalume akaligeukia boksi. Wote walimngoja, kama kawaida. Rekta akajikuna shingo. Hudu akaangalia kikombe kilichokuwa mkononi mwake kana kwamba kuna mtu amemshikisha. Mbuzi peke yake ndiye aliyelia.

Njiani, alikuwa amesema Daktari. Ilikaa njiani. Miezi yote hiyo Kalume alikuwa ameiwaza njia hiyo usiku na mchana. Aliiona na tope, na daraja lililovunjika, na pikipiki iliyoishiwa mafuta porini. Hudu hakuwa ameanza kazi wakati ule. Aliyebeba damu ya Mariette alikuwa mtu mwingine, na Kalume hakuwahi kumjua. Lakini katika kuiwaza kwake kote, hakuwahi kuiona njia hiyo ikiwa na benchi. Wala kahawa. Wala watu wema wanaocheka.

Na aliyefungua kamba alikuwa yeye.

Alilinyanyua boksi kwenye stuli.

— Barafu, washa.

— Mzee, nifunge kwanza zile kamba...

— Washa. Nitaishika.

Akapanda nyuma, akaliweka boksi mapajani. Gad alisukuma pikipiki bila kuombwa, kinyozi naye akasukuma, na mstari wote ukakatika ukawa watu wanaokimbia nyuma ya moshi. Simu ya Hudu ilibaki kwenye benchi. Walikuwa hawajafika kwenye kona Rekta alipotoka mbio barabarani, ameiinua juu, na sauti ya Safiyah inapiga kelele ndani yake.

— Barafu! Polepole! Ameshinda! Mama Daktari ameshinda dunia nzima!

Misiera yote ililipuka. Sufuria zilipigwa. Hudu alilegeza mkono, akataka kugeuza kichwa.

— Endesha, alisema Kalume.

Akainama juu ya boksi ili mgongo wake ulikinge na jua. Mfuniko ulikuwa wa moto. Akapenyeza kiganja chini, upande ule uliokuwa umelalia stuli, akakiacha hapo mpaka akawa na hakika: kulikuwa bado na baridi. Akamshukuru Mungu. Kisha akafumba macho amwombee mke wa Gad, kwa kutaja jina kama desturi yake, na hapo akakumbuka kwamba hakuna mtu kijiweni aliyeuliza anaitwa nani.

Pikipiki ikaruka shimo dogo, vichupa vikagongana ndani.

Basi Kalume akaomba kwa jina alilokuwa nalo. Akamtaja Mariette, tena na tena, mpaka Mbarara.