Jotham Mwandemele, Mtu Aliyezima Ukungu

Leo, tarehe 30 Juni 1998, Ndugu Jotham Mwandemele, fundi mkuu wa boila katika kiwanda chetu cha chai, anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi. Mwaka 1965 aliingia getini na viatu vya kuazima. Leo anatoka na vya kwake. Wasifu huu nimeuandika mimi, Erasto Mwaikenda, msimamizi wa uwanja wa kuni, kwa sababu hakuna anayemjua Jotham kunizidi. Ofisi ilitaka uandikwe na katibu muhtasi, binti yetu Sabrina. Nikakataa. Sabrina amepiga chapa na kunyoosha herufi, basi. Maneno ni yangu.

Wako watakaouliza mbona Jotham anastaafu na mimi, ambaye yeye huniita kaka, ninabaki. Jibu liko kwenye faili. Faili linasema nina miaka hamsini na minane, na mimi si mtu wa kubishana na faili la ofisi.

Jotham ni mzaliwa wa Isongole, mtoto wa mkulima wa viazi. Alianza kama mbeba magogo, na shoka nilimfundisha mimi. Alilijua upesi kwa kuwa mwalimu alikuwa mzuri. Mwaka 1971 akawa mpasha moto, na mwaka 1979 fundi mkuu. Tangu hapo boila haijapasuka hata siku moja, wala haijamuunguza mtu, isipokuwa mimi mara moja, na siku ile kosa lilikuwa la boila.

Kazi ya Jotham yote ilikuwa kwenye kuni. Hakuchoma gogo ambalo halijalala bandani miezi kumi na miwili. Hapa Tukuyu mvua haiji, inaishi, kwa hiyo banda letu la mabati lilikuwa refu kupita kanisa la Kawetele. Akitaka kujua kuni zimekauka, aligonganisha vipande viwili karibu na sikio. Vikilia kwa sauti kali, viko tayari. Vikitoa mlio mzito, vinarudi bandani. Kwenye harusi ya binti yake alizikagua kuni za wapishi namna hiyo hiyo, akazikataa zote. Tulikula saa kumi jioni, lakini jikoni hakuna mama aliyetokwa machozi.

Mwaka 1994 akaja Mwekezaji kutoka nje. Tulipiga makofi, na mimi nilipiga kuliko wote, maana kiwanda kilikuwa hoi. Mashine mpya zikaja, mshahara ukatoka kwa tarehe yake, mji ukakua. Watu walikuja kutafuta kazi, wakahitaji nyumba, nyumba zikahitaji matofali, na matanuri ya matofali yakawaka kila kona. Zikaja mashine za kusaga za dizeli na mabasi ya mitumba. Kila mmoja alikuwa na moshi wake mdogo. Wa kwetu ulikuwa mkubwa, kama inavyostahili kiwanda kinachoongoza wilaya.

Moshi huo ulianza hivi. Bwana Meneja mpya alitembelea banda la kuni, akayaona magogo yamelala mwaka mzima bila kufanya kazi. Akasema huo ni mtaji uliolala, na kwao mtaji haulali. Katika wiki tatu kuni kavu zote zikachomwa, banda likabomolewa, mabati yakaenda kuezeka maegesho ya magari ya wageni. Kuanzia hapo mkaratusi ulikatwa Jumatatu, na Jumatano ulikuwa motoni, unatoka povu.

Na sisi watu wa Tukuyu tukafanya kosa ambalo mtu wa Dodoma asingelifanya. Tumezaliwa ndani ya ukungu. Tulipoona weupe umejaa barabarani asubuhi, tukasema ukungu mwaka huu umewahi, tukavaa makoti. Shuleni wakaruhusu watoto waje na sweta za rangi yoyote. Mimi niligundua mapema sana, ila sikusema. Aliyesema ni Mzee Mansuri, mwenye duka la vitambaa, aliyekuja getini na kanzu yake ya Ijumaa mkononi.

"Mwaikenda," akasema, "huu ukungu wenu wa siku hizi una masizi."

Nikamwelekeza ofisini. Ofisini wakamwambia ukungu ni kazi ya Mungu.

Nyumba ya Jotham iko chini ya bomba la moshi. Veronika, mkewe, akaanza kukohoa, na siku moja akamwambia mbele yetu, "Ugwe Jotham, mshahara unauleta mwisho wa mwezi. Kikohozi mbona unakileta kila siku?" Tulicheka wote isipokuwa Jotham. Kesho yake akaenda kwa Meneja kuomba banda lirudishwe. Alikwenda mara tisa. Baada ya mara ya tano bomba likapakwa rangi ya samawati. Baada ya mara ya tisa likarefushwa mita sita, moshi ukahamia Mpuguso kwa jirani zetu, nao wakavaa makoti. Upepo ulipogeuka, ulirudi kwa Veronika.

Julai mwaka jana wakaja wakaguzi wa hewa, watu watano kutoka mbali, wamejifunga skafu. Meneja aliwasimamisha uwanjani kwangu, akaunyooshea mkono ule weupe, akawaambia kwamba huo ni ukungu wa Mlima Rungwe na kwamba chai inaupenda sana. Wakaandika. Jotham aliyasikia yote, maana mkalimani alikuwa na sauti kubwa na mlango wa boila ulikuwa wazi.

Alikuwa amebakiza miezi kumi na mmoja astaafu. Na kila mtu hapa anajua kwamba kuzima boila wakati majani mabichi yako kwenye vichanja vya kunyaushia ni kosa la kufukuzwa siku hiyo hiyo. Nikamvuta shati.

"Jotham, acha. Utarudi Isongole kulima viazi na mgongo huo?"

"Kaka," akasema, "kama ni ukungu, utabaki."

Akauvuta moto wote nje kwa reki, akaumwagia maji, akakaa juu ya ndoo kusubiri.

Ilikuwa saa tatu. Kufika saa nne bomba halikuwa na kitu. Saa tano ukungu ukaisha, Mlima Rungwe ukatokeza mzima mzima, na mkaguzi mmoja akaupiga picha. Wakafungua skafu. Wakamtazama Meneja. Meneja akautazama mlima kama vile yeye ndiye aliyeuagiza.

Tulijua Jotham amekwisha. Barua ya kumfukuza ilikuwa imeshapigwa chapa, muulizeni Sabrina. Lakini kabla haijasainiwa ikafika ripoti ya wakaguzi. Ripoti ilikipongeza kiwanda kwa kuondoa ukungu ndani ya saa mbili, jambo ambalo hawajaliona kokote walikopita. Cheti kiko ukutani, na kioo chake nakifuta mimi. Chini ya cheti pana mstari mmoja mdogo: wakaguzi watarudi kila mwaka kuona kama juhudi zinaendelea.

Mtu hafukuzi fundi pekee anayejua kuondoa ukungu. Meneja akamwita Jotham, akamkalisha kwenye kiti cha wageni, akamuuliza kwa upole hizo juhudi zinahitaji nini.

Jotham akasema, "Banda."

Banda lilisimama Februari mwaka huu, na limejaa magogo ya mkaratusi hadi darini. Lusungu, anayekabidhiwa boila leo, amefundishwa kugonganisha kuni, na sikio lake ni zuri, ingawa si kama langu. Lakini magogo yale hayatakauka mpaka Februari ijayo. Kwa sasa tunachoma mabichi, na Veronika bado anakohoa. Wiki iliyopita Meneja alipita bandani, akauliza mbona mtaji umelala tena. Jotham alikuja kwangu jioni ile hana raha. Alisema akishastaafu watalifungua na kuyachoma.

Aya inayofuata Sabrina alitaka kuifuta. Nimemwambia iwe kwa herufi kubwa, tukapatana ndogo. Bwana Meneja atasomewa kwa Kiingereza na Sabrina, naye ni binti mwenye adabu, anajua pa kuruka.

Jotham, nenda kapumzike. Ufunguo wa banda ninao shingoni, na mwenzake haupo. Meneja ameshaniomba mara mbili. Mara ya kwanza nilisema sijui Kiingereza. Akaleta mkalimani, nikasema sisikii vizuri. Mimi nimebishana na watu wakubwa kuliko yeye tangu enzi za shirika la umma, na wote wameondoka.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, ndaga fijo, asante sana, kwa miaka thelathini na mitatu ya moto safi, na kwa asubuhi moja bila moto. Tunakutakia wewe na mama Veronika uzee mwema na usingizi usiokatishwa na kikohozi. Machi mwakani, kama bado anakohoa, njoo unitukane hapa getini mbele ya watu.