Uwanja Umehamia kwa Kwandu

Wapendwa wetu mliofika kutoka Bariadi, Maswa, Malampaka na kwingineko, pamoja nanyi mnaosimama juani kwa sababu maturubai yamezidiwa, familia ya mzee Mayige inawasalimu, mwangaluka, na inaomba masikio yenu kwa dakika chache, ingawa wanaotufahamu wanajua familia hii haijawahi kuzungumza kwa dakika chache.

Kwandu Honorata Mayige alizaliwa tarehe 14 Julai 1981 hapa hapa Mwamapalala, ambayo leo ni Itilima na siku hizo ilikuwa Bariadi ya mkoa wa Shinyanga, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Mayige na mama Milembe, na alizaliwa ngoma zikiwa uwanjani, kwa maana baba yake alikuwa manju, kiongozi wa wachezaji wa Bagalu, mtu ambaye akiimba hapa alisikika Malampaka, na wapo wanaosema dereva wa treni alikuwa akimwitikia kwa honi, jambo ambalo familia haijalithibitisha na wala haitalikanusha.

Kwa wageni wetu, ngoma za huku hazina mwamuzi wa kutoa alama, makundi ni mawili, Bagika wanacheza upande huu wa uwanja, Bagalu upande ule, wote kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule ambaye watu wamemkimbilia. Kwandu akiwa mdogo, juu ya mabega ya baba yake, alikuwa hawatazami wachezaji, alikuwa anawatazama watu, na alisema alipokua kwamba aliwaona kama maji ya masika juu ya majaruba ya mpunga, yanasita, yanageuka, yanakwenda yanakokwenda bila kuagizwa na mtu, na kwamba maji hayo aliendelea kuyaota maisha yake yote, akilala vizuri na akilala vibaya.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1989 hadi 1995, kisha sekondari Maswa, akiishi kwa shangazi yake pale Binza, na mwaka 2006 alihitimu shahada ya biashara jijini Mwanza, akaajiriwa mwaka 2007 mjini Bariadi kuwa afisa masoko wa kiwanda cha kuchambua pamba, na sauti yake redioni ikitangaza mbegu ilikuwa tamu kiasi kwamba hata wasio na shamba walikuwa wakienda kuulizia. Tarehe 12 Desemba 2009 alifunga ndoa na bwana Lusajo, ofisa kilimo kutoka Tukuyu, aliyeletwa huku na serikali, akazoea tambarare yetu taratibu na Kwandu haraka sana, na Mungu akawajalia watoto wawili, Precious na Januarius.

Oktoba 2022, akiwa na miaka arobaini na moja, aliomba likizo isiyo na malipo akaenda Dar es Salaam kusomea Shahada ya Uzamili ya Mawasiliano ya Masoko, jina refu ambalo ukoo mzima tulilikariri ili tulitaje mnadani mbele ya watu. Huko alifundishwa chapa, matangazo na namna mteja anavyovutwa, na kila alichofundishwa alikiona uwanjani kwa baba yake, akaamua utafiti wake uwe juu ya ngoma zetu. Msimamizi wake, Daktari Evaristo, akamwambia, "Mama, hii ni ngoma, peleka kwa watu wa utamaduni, mimi ninafundisha masoko," naye akamjibu, "Daktari, soko ni watu kuhama, njoo Agosti uwaone wakihama." Wakakubaliana hivyo, na kwamba daktari asiporidhika, Kwandu ataiacha mada na kuanza upya, wakati likizo yake isingeongezwa hata kidogo, yaani masomo yangeishia hapo.

Tarehe 19 Agosti 2023 daktari akafika, na siku hiyo Bagika walikuja na chatu, uwanja wote ukamiminikia kwao, mzee Mayige akabaki na wapiga ngoma wake na magoti yake yaliyochoka. Daktari akasema, "Mama, mzee ameishiwa," Kwandu akasema, "Baba hajaanza," lakini moyoni alijua kuwa baba ameishiwa kweli, mabega yalimwonyesha. Hapo mzee akanyamazisha ngoma, akaanguka mavumbini, wachezaji wakamfunika shuka jeupe na kuangua kilio, na mtu mmoja akapaza sauti, "Manju amekufa!" Yale maji yakageuka, ndugu zangu, chatu akabaki na mwenyewe, na Daktari Evaristo alitangulia mbele ya wote, kiatu chake kimoja hakijapatikana mpaka leo. Walipokwisha kufika, mzee akainua ukingo wa shuka, akauliza, "Mmekuja wote?" na ngoma zikalipuka. Daktari alicheka akakaa chini, akasema, "Mama, andika." Kwandu hakucheka, alikuwa analia, akamwambia baba yake, "Baba, usirudie tena," na mzee akamjibu, "Ng'wana Mayige, kumbe na wewe umehama."

Februari 2024 aligundulika kuwa na saratani ya ini, akaanza matibabu Mwanza, akaandika akiwa kitandani, bwana Lusajo akimsomea sura moja baada ya nyingine mpaka usingizi unawachukua wote wawili, na tarehe 27 Septemba 2024 aliutetea utafiti wake mbele ya jopo akiwa ameketi, akafaulu, Desemba akahitimu, na joho lake baba yake alilivaa mnadani siku nzima, ng'ombe wakimshangaa. Alituacha alfajiri ya Jumamosi tarehe 9 Agosti 2025, mjini Bariadi, akimwambia mumewe kwa sauti ya mtu anayeota kwamba watu wanahama, ni wengi, na hakuna vumbi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Bariadi na Mwanza, majirani mliopika na kukesha nasi, wafanyakazi wenzake wa kiwandani, na Daktari Evaristo aliyefika leo na viatu vyote viwili.

Leo Bagika na Bagalu walikuwa washindane, wamefunga ngoma zao wakaja, wako hapa wamechanganyika, na chatu ameachwa nyumbani kwa heshima. Shuka lililofunika jeneza ni lile lile, mzee Mayige ndiye aliyeliomba, na tangu asubuhi ameketi kichwani kwa mwanawe, anautazama ukingo wa shuka hilo, na hakuna kati yetu aliyethubutu kumwambia aondoke.

Kwandu, wamekuja wote. Upande wa pili hakuna aliyebaki. Pumzika kwa amani, ng'wana Mayige.