Cha Nyumbani na Cha Kutoa

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti. Mwenye sufuria jikoni apunguze moto. Mwenye pasi aisimamishe, asije akaunguza shati la watu kwa ajili yangu. Leo tunamkumbuka Shangazi Gundi.

Kwa wasiomjua, Shangazi Gundi ndiye aliyekuwa akiwafundisha watoto wadogo kuchora, kukata na kubandika kila Jumamosi asubuhi, katika chumba cha nyuma cha maktaba ya mtaa. Watoto wa miaka mitatu hadi saba. Alifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa. Alifariki wiki tatu zilizopita, siku ya Alhamisi, akiwa na miaka sitini na mmoja. Jina la Gundi alipewa na watoto, kwa sababu gundi ya unga ilikuwa haimtoki viwikoni hata akienda harusini.

Sasa nawaambieni ukweli. Kumbukumbu nyingi zinaletwa hapa zikiwa zimetiwa sukari. Ukizisikiliza utadhani wanaokufa ni malaika watupu, na sisi tuliobaki ndio tumeachwa na madhambi yote. Hii ya leo haina sukari. Imeletwa na mdogo wake marehemu, ambaye watoto wanamwita Shangazi Mkasi. Alikuja studio Jumatatu, akaketi, akapakata bati la biskuti kama mtu anayepakata mtoto mgonjwa.

Akasema, "Mtangazaji, usimsifu dada yangu ukaniacha mimi. Sema na mimi nilivyokuwa. Nilimwonea wivu. Nilimwonea wivu miaka kumi na tisa, na siku ya mazishi nililionea wivu hata jeneza."

Basi, tusikilizane vizuri.

Dada na mdogo wake walianza pamoja. Mkubwa alitoa wazo, mdogo alitoa mikono. Na mikono ya Shangazi Mkasi, jamani, ni mikono! Mpe karatasi ya manila na mkasi butu, atakukatia kipepeo mpaka umtafutie ua. Dada yake mpe mkasi mpya, atakukatia kitu ambacho hata yeye hakijui. Kwa hiyo mdogo alikata, akapanga, akaosha brashi. Mkubwa alichanganya gundi, akaimba, akachafuka.

Walifuata misimu. Wakati wa mvua walitengeneza miamvuli na vyura wa trei za mayai. Wakati wa jua kali, miwani ya karatasi na samaki wa vifuniko vya chupa. Wakati wa upepo, vishada na pangaboi. Wakati wa baridi, soksi za kadibodi zilizojazwa pamba. Katikati ya misimu waliweka mada: wiki ya wadudu, wiki ya magari, wiki ya vitu vilivyomo jikoni. Watoto walivaa mashati makuukuu ya baba zao, mbele nyuma, vifungo mgongoni. Bomba la maji lilikuwa moja tu, na foleni yake ilikuwa na ugomvi kuliko ya benki.

Na kulikuwa na sheria moja. Ishikeni hii, wasikilizaji, maana ndiyo yenye kisa chote. Kila mtoto hutengeneza viwili. Kimoja cha nyumbani, kimoja cha kutoa. Cha nyumbani anaondoka nacho. Cha kutoa anampa mtu yeyote anayemtaka, mle mle chumbani. Sheria ni ya Shangazi Gundi. Alisema mtoto aliyetoa kitu alichokitengeneza mwenyewe hutembea tofauti akirudi nyumbani.

Sasa jiulizeni watoto walimpa nani.

Walimpa Shangazi Gundi. Kila Jumamosi alitoka na gunia. Ndege, treni, chura mwenye miguu mitano, kitu cha kijani kisicho na jina. Aliandika nyuma ya kila kimoja, jina la mtoto na tarehe, akaweka. Na Shangazi Mkasi, aliyekata kila mbawa na kila gurudumu? Katika miaka kumi na tisa alipewa vitu kumi na kimoja. Kumi na kimoja, wasikilizaji. Anavijua kimoja kimoja. Ndivyo vilivyokuwa ndani ya lile bati.

Akanitolea konokono. "Huyu nilipewa siku dada alipokuwa na mafua, akaondoka mapema." Akanitolea ua. "Hili nilipewa kwa bahati mbaya. Mtoto alidhani mimi ni dada." Akanitolea gari la boksi la dawa ya meno. "Na hili ndilo lililoniumiza kuliko yote. Nilimwona dada akimnong'oneza mtoto, 'Mpelekee Shangazi Mkasi.' Yaani hata sadaka nilitafutiwa!"

Nilimuuliza kwa nini hakuondoka, kama roho ilikuwa ikimuuma hivyo. Akanitazama. "Niende wapi? Ndugu yangu yule. Halafu nani angekata?"

Mimi ni mzaliwa wa tatu kwetu, nyuma ya kaka waliokuwa wanasifiwa mpaka na majirani. Najua donge hilo linakaa wapi. Halimezeki na halitemeki.

Kisha ikaja ile Jumamosi ya miamvuli, miaka miwili iliyopita. Shangazi Gundi alikuwa ameanza kuumwa tumbo, akalazwa kwa vipimo. Kwa mara ya kwanza mdogo mtu akabaki na chumba peke yake. Ananiambia alifurahi. Hakufurahia dada kulazwa, hapana. Alifurahi kwamba safari hii watu wataona kazi.

Wiki nzima alikata. Miamvuli thelathini, miwili kwa kila mtoto, yote saizi moja, rangi ya samawati, mpini umepinda sawasawa. Matone ya mvua saba kwa kila mwamvuli, si sita, si manane. Akabandika mfano ukutani. Dada yake hakuwahi kubandika mfano ukutani hata siku moja. Alisema mtoto akiuona mfano anaacha kutazama mikono yake. Shangazi Mkasi aliyaita hayo maneno ya mtu asiyejua kukata.

Watoto wakafanya kama mfano. Walipokwenda kunawa, yeye akapita meza kwa meza, akanyoosha. Mpini wa mwamvuli huu, tone la mwamvuli ule. Kila kitu kikakaa mstari. Chumba kikapendeza kama duka.

Lakini alisahau jambo ambalo dada yake hakusahau kamwe. Hakuandika majina nyuma.

Wazazi wakafika. Kila mtoto akaambiwa achukue wake. Upi? Miamvuli thelathini, pacha watupu! Akaanza mmoja kulia, wakafuata wote, maana kilio cha watoto hakitaki mwaliko. Akina mama wanashika huu, wanaacha ule. Mtoto mmoja wa miaka minne alipewa mwamvuli akaurudisha mezani. Akasema, "Huu si wangu. Wangu ulikuwa unavuja." Kumbe alikuwa ametoboa tundu kwa penseli, na Shangazi Mkasi alipopita kunyoosha aliliziba.

Siku hiyo miamvuli ilibaki mezani, na hakuna mtoto aliyetoa chochote kwa mtu yeyote. Utatoaje kitu usichokijua kama ni chako?

Jumamosi iliyofuata mkubwa akarudi. Alipohadithiwa alicheka mpaka akashika tumbo, na lile tumbo lilikuwa linauma kweli. Akaitandaza miamvuli yote mezani, akampa kila mtoto penseli. "Haya, wako unavuja wapi?" Wakatoboa. Mmoja tundu moja, mwingine ishirini, mwingine akautoboa mpaka ukabaki mpini. Kila mtoto akaujua wake. Wakatoa vya kutoa, na nani alipewa, mnajua wenyewe.

Shangazi Mkasi alisimama kwenye bomba akaosha brashi ambazo zilikuwa safi. "Kazi yangu ya wiki nzima," aliniambia, "aliichukua kwa tundu moja la penseli. Na hata hakujua kwamba ameichukua. Hilo ndilo lililonikaba."

Wahenga walisema hasidi hana sababu. Mimi naona sababu alikuwa nazo, tena zimepangwa kwenye bati.

Ugonjwa ukazidi. Miezi minane ya mwisho Shangazi Gundi hakutoka nyumbani. Mdogo wake akaendesha Jumamosi zote peke yake. Majina aliandika sasa kwenye vya nyumbani, msiwe na wasiwasi. Mfano ukutani hakubandika tena. Alikuwa mwalimu, alikuwa fundi, alikuwa mwosha brashi. Na watoto walipomaliza, walimletea vya kutoa, wakamwambia, "Mpelekee Shangazi Gundi."

Hebu fikirini, wapendwa. Akawa tarishi wa wivu wake mwenyewe. Kila Jumamosi alibeba mfuko, akapanda ngazi, akaumwaga kitandani kwa dada yake. Dada anavishika kimoja kimoja. "Tazama huyu twiga, shingo yake imechoka." Anauliza ni cha nani, anaandika jina, anaandika tarehe.

Binti wa marehemu aliniambia kwa simu, "Mama mdogo alikuwa anakaa pale mlangoni, hakai kitini. Mama anamwita njoo uone, yeye anasema nimeshaviona."

Ikafika Jumamosi ya mwisho. Mada ilikuwa vitu vya jikoni. Watoto walitengeneza sufuria, vikombe, kijiko kirefu kuliko mtoto mwenyewe. Vya kutoa vilikuwa ishirini na sita. Vyote ishirini na sita, mpelekee Shangazi Gundi. Shangazi Mkasi akautazama ule mfuko. Akaufungia kabatini. Akaenda mikono mitupu.

Dada yake akauliza, "Leo hawakutoa?"

"Walitoa."

"Walimpa nani?"

Akajibu, "Walinipa mimi."

"Wangapi?"

"Wote."

Aliniambia alitaka kuona dada yake akiumia, hata kidogo tu, kama yeye. Mtu hasemi jambo kama hilo kwa urahisi. Alilisema huku amelishikilia bati kwa mikono miwili.

Shangazi Gundi akainuka, akakaa kitandani. Alikuwa hakai tena wakati huo, lakini alikaa. Akapiga makofi. Makofi, wasikilizaji wapendwa! Akasema, "Afadhali! Nilikuwa naogopa nitaondoka hawajakujua. Umeandika majina?"

"Nimeandika."

"Vilete nivione Jumamosi."

Jumamosi haikufika. Alhamisi alifariki.

Siku ya mazishi watoto walikuja na wazazi wao, na kila mmoja alishika kitu. Wakaviweka juu ya jeneza mpaka mbao hazikuonekana. Shangazi Mkasi alikuwa amesimama kichwani pa dada yake, analia, na ndani ya kilio kile kile akajikuta anahesabu. Akafika arobaini na mbili. Hapo ndipo alipolionea wivu jeneza.

Baada ya wiki moja aliufungua ule mfuko wa kabatini. Akaandika majina ishirini na sita, akaandika tarehe, akaupeleka nyumbani kwa marehemu, ukae na wenzake. Magunia yalikuwa chini ya kitanda. Binti akayamwaga yote, wakakaa sakafuni. Walianza na ya mwaka wa kwanza. Kulikuwa na vitu vya watoto ambao sasa wana ndevu. Kulikuwa na chura wa binti mwenyewe. Kulikuwa na ua la mlinzi wa maktaba, aliyeingia siku moja kujikinga mvua akapewa mkasi.

Binti akasema, hakuwa na nia mbaya, "Mama mdogo, na chako kiko wapi?"

Wakatafuta. Wakageuza kila kipande. Wakakung'uta magunia mpaka vumbi la gundi likatanda. Miaka kumi na tisa. Vipepeo elfu alivikata yeye, miamvuli, mabawa, magurudumu, vyote kwa ajili ya mikono ya wengine. Hakikuwepo hata kimoja alichomtolea dada yake. Yeye alikuwa amekaa miaka yote anahesabu alivyopewa.

Nilimuuliza atamalizaje kumbukumbu hii. Nilidhani ataniambia niseme walipendana, na naamini walipendana. Akafunga bati. "Usiseme tuliagana vizuri. Sema dada yangu alinipigia makofi kwa ajili ya uongo wangu. Na sema sikumpa hata kimoja."

Nimesema, mama. Nimesema kama ulivyotaka.

Kwa niaba ya kipindi hiki nampa pole mume wa marehemu, ambaye kwa miaka kumi na tisa alilala juu ya magunia bila kulalamika. Nampa pole binti yake. Nawapa pole watoto wa Jumamosi, na waliokua, na wanaokua. Na wewe, Shangazi Mkasi, pole sana. Mungu ampumzishe dada yako.

Wasikilizaji wapendwa, kila mmoja wetu ana bati lake mahali fulani, na anajua idadi yake kwa kichwa. Leo kabla hujalihesabu tena, mtafute yule unayemwonea gere, ukajitazame umewahi kumpa nini. Mkono mtupu haulambwi, na mara nyingi mkono mtupu ni wa kwetu.

Kesho Jumamosi chumba cha nyuma cha maktaba kinafunguliwa tena, saa tatu asubuhi. Leteni mashati makuukuu. Mada ni upepo. Kila mtoto atatengeneza pangaboi mbili, moja ya nyumbani, moja ya kutoa. Shangazi Mkasi naye atatengeneza mbili, bila mfano. Karatasi ya ile ya kutoa ameshaichagua, na ameniambia nyuma yake ameshaandika jina lake mwenyewe na tarehe.