Watu Mia Nane Waliobisha kwa Syombua

Nje ya kibanda changu cha kushona viatu, hapa Kwa Vonza, kuna benchi la mbao. Nililitengeneza mwenyewe na sijawahi kupata nafasi ya kulikalia. Wenyewe ni watatu. Kuna Kiama, fundi wa simu, tunamwita Engineer. Kuna Kivuva, aliyekuwa katibu wa kamati ya kanisa kwa miezi minne, na hadi leo usipomwita Katibu haitiki. Kuna na Mutisya, ambaye ni Redio kwa sababu hazimiki. Jirani yangu Ndolo huwapikia kahawa ya tangawizi kwa jiko lake la makaa. Jumatano hiyo asubuhi, mbele ya benchi kulikuwa na masanduku ya karatasi yenye matundu, na ndani vifaranga karibu mia tatu wanalia hadi hatusikiani. Mwenye vifaranga, Syombua, alikuwa amesimama mbele ya Engineer, mikono kiunoni.

— Rudia, Engineer. Watu wangapi?

— Mia nane na kumi na wawili, mathee. Tangu Ijumaa. Wameona tangazo letu kwa simu zao, wakabonyeza.

— Na waliopiga simu kununua?

Engineer akaangalia kikombe.

— Sema!

— Hakuna.

— Asi! Hata mmoja?

— Hata flashi.

Sindano ikaniingia kidoleni. Watu mia nane wangefika hapa kwa miguu, hata mawe ya barabarani yangeuzwa.

— Hao ni watu wa Nairobi, Katibu akasema. Wanaangalia tu. Hata sokoni si mtu anafinya nyanya zote halafu anaenda?

— Mia nane wote wafinye? Redio akaruka. Hii ni kazi ya washindani. Kuna mtu amekodi vijana wabonyeze kutoka asubuhi, wamalize pesa ya mama.

— Kijana gani atabonyeza kuku siku tano? Engineer akauliza.

— Basi ni roboti. Ziko! Na roboti haili kuku, itanunua ya nini?

— Mimi naona ni picha, Katibu akasema. Kifaranga wa mbele amefunga jicho moja. Mtu akiona hivyo anajua ni ugonjwa.

— Huyo alikuwa anakonyeza! Engineer akajitetea.

— Nyamazeni, Redio akasema, na sauti ikashuka kama ya mtu wa siri za serikali. Ni setilaiti. Ikipita juu ya hii vumbi yetu, linki inapinda. Wateja wa mathee wanashukia kule mbali Tseikuru. Saa hii wamezunguka mbuzi za mtu huko, wanauliza vifaranga.

Ningecheka, lakini Syombua alikuwa ameshatoa simu.

— Niko na dada yangu Tseikuru. Nimuulize kama amewaona?

Hapo niliona huruma, na hasira pia, kwa sababu mwanamke huyu si mjinga. Ni vile tu alikuwa amechoka.

— Banda langu linabeba hamsini, akasema. Hawa wangechukuliwa wakiwa wa siku moja. Leo ni siku ya tano. Jana baridi imenimalizia kumi na mmoja. Na mashine ya kutotolea iko na mayai mengine, yanapasuka Jumamosi. Nitawaweka wapi? Kitandani?

Mwalimu Gakenia, mgeni wa mtaa aliyehamia juzi kutoka Murang'a, alikuwa amesimama mguu mmoja akingoja kiatu chake.

— Samahani, akasema. Hilo tangazo, ni nani hapa amewahi kulibonyeza?

Ndolo akaacha kumimina. Katibu akamwangalia Redio, Redio akamwangalia Engineer. Mimi nikaangalia soli.

— Halibonyezwi, mwalimu, Engineer akasema. Kila mtu akibonyeza, mathee anakatwa pesa. Niliapisha hii benchi yote.

— Na mimi nikaapisha kwaya, Katibu akaongeza kwa fahari.

— Hata mimi sijaligusa, Syombua akasema. Limekuja kwa simu yangu mara sita. Likija, natoa kidole haraka.

Mwalimu akaomba simu ya Syombua. Akapitia picha za harusi ya mtu, tangazo likatokea.

— Mwalimu, utamkata! Katibu akalia.

Akabonyeza. Tukainama wote, vichwa vikagongana. Kioo kikawa cheupe, na maneno machache katikati: ukurasa huu haupo.

— Ngai wakwa, Syombua akasema.

— Nililijaribu Alhamisi, kabla halijatoka! Engineer akasema. Linki ilifunguka vizuri! Ijumaa mathee akasema tuache Kuku wa Syombua, tuitwe Kuku wa Baraka. Nikabadilisha jina la peji, na anwani yake ikabadilika...

— Na tangazo likaendelea kutuma watu kwa anwani ya zamani, mwalimu akamalizia. Hukujaribu tena?

— Ningebonyeza aje na nimeapa?

— Si lazima ubonyeze tangazo. Unanakili ile anwani, unaifungua kando. Haikatwi hata senti.

Tukashangaa upya. Siku tano tumeshika vidole kama watu wa saumu, na kulikuwa na njia ya bure!

— Na namba ya simu? mwalimu akauliza. Haiko kwa tangazo lenyewe?

— Iko kwa peji.

Engineer akairekebisha linki kwa dakika tatu. Ikafunguka: vifaranga, bei, namba. Akamwonyesha Syombua, na Syombua akaigusa namba yake kwa kidole.

— Ni nzuri, akasema. Sasa hao watu mia nane na kumi na wawili. Walibisha kwangu wakakuta hakuna mlango. Nitawapata wapi?

Redio, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alikuwa amezima.

Ndolo akateremsha birika, akabeba jiko lake kwa vitambaa viwili na kulisogeza karibu na masanduku. Vifaranga wakajikusanya upande wa joto. Kahawa ikapoa, na hakuna aliyeiulizia.