Gari la Daktari Chini ya Turubai

Ukitoka sokoni ukashika njia ya Isevya, kuna kona yenye benchi la taruma la reli, na juu ya benchi hilo wapo watu wasiokosa neno. Uliza lolote: mvua, ndoa, mwezi kuandama. Utapewa jibu kabla hujamaliza kuuliza, na kahawa ya Uwesu, muuza kahawa wa hapo, juu yake. Jumatano ile baada ya adhuhuri walikuwa watatu kama kawaida. Abdulatifu, aliyeitwa Redio kwa kuwa hazimiki. Octavian, aliyeitwa Injinia ingawa kazi aliyostaafia ni kugonga mihuri ofisini. Na Lukumani, fundi magari, Spana, ambaye leo alikuwa kimya, mkono mmoja mfukoni, roho inamuuma vibaya sana.

Kilichomuuma kilikuwa kimekaa mbele yake kwenye kigoda: Tarsisi wa Ulyankulu. Miaka nenda miaka rudi walimjua Tarsisi akipita pale anasukuma baiskeli, madumu ya asali yamepangwa mpaka yanamzidi kimo, nao wakimpigia kelele, "Breki hizo, mzee, breki!" Sasa Tarsisi ana tumbaku, ana mizinga msitu mzima, amevaa shati lililopigwa pasi, na anataka kununua gari. Tena si pikapu ya mzigo, hapana. Gari la kustarehe.

— Nimebakiza mawili, alisema Tarsisi. Moja lile jeupe la yadi, limefika juzi, lina redio ya kugusa kwa kidole. Jingine la marehemu daktari, lile la krimu, kwa mjane wake, Bi Najiat. La zamani, lakini moyo wangu uko huko. Nimeambiwa wewe fundi ndiye unayelijua. Saa kumi natakiwa kutoa jibu.

Lukumani akaubana ufunguo mfukoni. Ndiyo, ufunguo wa gari hilohilo. Tangu daktari afariki, miaka minane sasa, Bi Najiat alimwachia aende kila Ijumaa kuliwasha pale uani ili betri isife. Anavua turubai, anafuta vumbi, anajaza matairi upepo, anaingia, anafunga mlango. Kuliwasha ni dakika kumi tu. Yeye hukaa humo mpaka alasiri. Uwezo wa kulinunua hakuwa nao, na siri hiyo hakumwambia mtu. Alichojua ni kwamba likiuzwa, Ijumaa zake zimekwisha, tena zimechukuliwa na muuza asali.

— Limelala sana lile, akasema.

Hilo tu. Kijiwe hakikuhitaji zaidi.

— Limelala! alidakia Octavian. Kitaalamu, gari lisipotembea oili inaganda kama samli. Siku ukilitoa, injini inashtuka. Mtu ukimwamsha ghafla si anaweza kukurushia ngumi?

— Kwa hiyo injini itampiga ngumi? aliuliza Uwesu akimimina.

— Kitaalamu.

— Achana na oili, Abdulatifu alisema. Siti zile ni ngozi. Jua la Tabora mwezi wa kumi unalijua? Utapanda mzima, utashuka mshikaki.

— Mbona daktari alizikalia miaka ishirini? aliuliza Tarsisi.

— Daktari alikuwa na dawa!

Wakacheka, wakagongana mabega. Tarsisi hakucheka.

— Tena siti hizo, Octavian aliendelea, zimeshashika umbo la marehemu. Na marehemu alikuwa mtu wa mwili. Wewe ulivyo mkavu utazama humo. Watu watadhani gari linajiendesha.

— Kibaya zaidi, halina kelele, alisema Abdulatifu.

— Hicho si ndicho kizuri?

— Kizuri kwa nani? Linakubembeleza, usingizi unakupitia, unazinduka Kigoma hata nguo ya kubadili huna. Halafu ngoja nikwambie jambo la wakubwa. Hii ni njia ya misafara. Wapagazi walipita hapa na pembe za ndovu mabegani wakitoka Ujiji, na kila kwa mtemi walilipa hongo ndipo wapite. Wale watu hawajaondoka. Babu yangu aliwasikia kule Kwihara. Sasa gari lenye kelele linawapigia hodi, wanakaa pembeni. Lile litawafikia kimyakimya mgongoni, hongo hujalipa. Unadhani watafanya nini? Watakutulia mizigo yao kwenye buti. Pembe tatu tu, shokapu kwisha!

Hata Uwesu akasahau kumimina. Lakini Tarsisi macho yake yalikuwa kwa Lukumani.

— Hayo ya wapagazi siyajui, alisema. Mimi mwenyewe nimekuwa mpagazi. Utoke Ulyankulu na madumu mpaka hapa, ukifika mgongo si wako. Nataka kitu kimoja kabla sijafa: nikae, nibebwe mimi. Fundi, utakachosema ndicho nitakachofanya. Zima au bovu?

Wivu ukampanda Lukumani. Alimwona Tarsisi kwenye siti ile, kiwiko kimeegemea palepale anapoegemeza yeye chake. Akaona heri lioze chini ya turubai.

— Giaboksi imekufa, alisema.

Tarsisi akanyong'onyea. Akatoa simu taratibu, akaanza kutafuta namba ya mtu wa yadi. Redio na Injinia wakapeana jicho la furaha.

Ndipo akatokea Rustika, mke wa Tarsisi, anatoka sokoni na kikapu cha samaki, migebuka.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mama. Karibu kahawa.

— Asanteni. Baba Fideli, tumepata gari?

— La daktari ni bovu. Wamesema.

Rustika akatua kikapu. Hakubisha. Aliwageukia tu wale wa benchini.

— Na raha yake ikoje? Ukiwa umekaa ndani?

Abdulatifu akapuliza kahawa iliyokwisha kupoa.

— Baba, wewe umelipanda? Rustika alimwuliza Abdulatifu.

— Mimi? Nililiona likipita. Mara nyingi sana.

— Na wewe?

— Kitaalamu, alianza Octavian, akaishia hapo.

— Mimi nilikuwa nampa daktari kahawa dirishani, alisema Uwesu. Mkono uliingia.

Wote wakamtazama Lukumani. Angeweza kunyamaza, na simu ingepigwa, na Ijumaa zingebaki zake. Lakini miaka minane hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali hilo.

— Ukifunga mlango, alisema, Isevya yote inanyamaza. Bodaboda, mashine ya kusaga, watoto wa shule, vyote unaviona lakini huvisikii. Siti inakupokea pole pole. Kuna mahali pa kiwiko, hapa. Mpaka leo linanukia ngozi na dawa za daktari. Ukishuka unakuwa umepumzika kuliko ukilala kitandani kwako.

— Na giaboksi? aliuliza Rustika.

— Nzima. Nimesema uongo, mama. Nina roho ya kwa nini. Gari lile nalipenda, nikaona kuliko awe nalo mwingine, bora likose mtu.

Tarsisi alirudisha simu mfukoni. Rustika alikuwa bado na lake.

— Haya, hiyo ni raha ya uani. Na likitembea?

Miaka minane Lukumani amelizima palepale alipoliwasha. Na enzi za daktari, kila alipomaliza kulitengeneza, daktari alimshukuru vizuri, akaondoka nalo, yeye akarudi kwake kwa miguu.

— Sijui, alisema. Sijawahi kulipanda likitembea.

Uwesu akainamisha birika ili angalau pawe na sauti, halikutoa tone.

Lukumani akatoa ufunguo, akamwekea Tarsisi kiganjani. Tarsisi akaugeuza, akautazama, kisha akamrudishia.

— Mimi kuendesha sijui, fundi. Nilikwambia nataka kukaa. Bi Najiat akituruhusu, utatupeleka Kwihara na kurudi. Hapo ndipo utamjibu mama Fideli. Na safari hii huwezi kudanganya, nitakuwa nimekaa nyuma yako.

Lukumani akasimama, akashika njia ya kwa Bi Najiat. Hakuwa amefika hata duka la pili alipowasikia nyuma yake.

— Kiti cha mbele! alisema Octavian kwa uchungu. Yeye! Kwa nini yeye?

— Subiri, alisema Abdulatifu, akipaza sauti makusudi ili asikike. Kwani huyu Spana leseni anayo?