Febronia na Kompyuta Iliyokuwa Ikizimia

Tarehe 30 Juni 1999 mwanangu Febronia anaondoka kwenye kinu chetu cha mpunga hapa Kibaoni, baada ya miaka ishirini na minane ya kazi. Alianza kama mpiga chapa, akamaliza kama mpiga chapa na fundi wa kompyuta. Kamati ya sherehe imeniomba niandike mimi mama yake, kwa kuwa nimewauzia chai wafanyakazi getini karibu miaka hiyo yote, na hakuna anayemjua kunizidi. Nimesoma hadi darasa la nne tu, tena kwa masista wasiotaka mchezo. Mkiona herufi imelala, mnisamehe. Mkiona nimemsifu mno, hilo msinisamehe, nimekusudia.

Febronia alizaliwa Lupiro mwaka 1949, na alizaliwa mwoga. Aliogopa radi, aliogopa mbwa, aliogopa hata kuku mwenye vifaranga. Siku tuliyohamia Ifakara alivuka mto pale Kivukoni ameficha uso kwenye khanga yangu, hadi abiria mmoja akaniuliza kama mtoto anaumwa. Nikamjibu, "Haumwi, anafikiri." Na kweli alikuwa anafikiri. Mwoga huangalia vitu ambavyo jasiri anavipita tu.

Uoga huo ndio uliomfanya mpiga chapa bora Kilombero nzima, na anayebisha aje getini tubishane. Barua haikutoka mezani kwake mpaka ameisoma, ameirudia, na ameiogopa kidogo.

Mwaka 1995 meneja wetu, Bwana Octavian, alileta kompyuta. Ilikuwa imeshatumika nyumbani kwa mtu huko Dar es Salaam, na rangi yake ilikuwa kama meno ya mvuta sigara. Febronia akapelekwa Morogoro wiki moja kujifunza. Alirudi amekonda. Mwalimu alikuwa amewaambia kwamba ndani ya vile vyombo kuna umeme wa kuua mtu, kwa hiyo usifungue chochote kabla hujachomoa waya na kusubiri. Wenzake walicheka. Mwanangu hakucheka.

Mwanzoni matatizo yalikuwa madogo. Kioo kikiwa cheusi, alikagua waya wa nyuma kabla ya kulia. Mashine ikikataa kuwaka na kuandika maneno ya Kizungu, alijua kuna mtu amesahau flopi, ile diski ya kuwekea kazi, mdomoni mwa mashine, akaitoa na kuwasha upya. Egidius, mtunza stoo wetu, alimwaga chai kwenye kibodi, herufi zikanasa chini. Chai ilikuwa yangu, na mimi sukari sipunji. Febronia alizing'oa herufi moja moja, akazifuta, akazirudisha mahali pake.

Ndipo ikaja hofu yenyewe.

Mnalijua vumbi la pumba la kinu hiki. Linaingia masikioni, linaingia kwenye ugali. Febronia akaona huruma, akaifumia kompyuta kitambaa cheupe chenye maua pembeni, akakitia wanga kikasimama. Nyumba gani hapa Kibaoni redio inakaa uchi? Mbele alikikunja apate kuona, juu na nyuma kikabaki kimefunika, akawa anafanya kazi mashine ikiwa imevaa. Ofisi nzima walikisifu.

Wiki chache baadaye kompyuta ikaanza kuzimia. Asubuhi inaamka vizuri, jua likipanda inanyamaza, barua ikiwa nusu. Ikipumzika inaamka, kisha inazimia tena. Watu wakaanza kunong'ona. Egidius akasema mezani kwangu, bila hata kupunguza sauti, "Huyo mama hataki kompyuta, anataka taipureta yake. Ataimaliza." Mwingine akasema ameiwekea dawa. Wote wawili walikunywa chai bila sukari siku hiyo.

Ijumaa Bwana Octavian akamwita. "Febronia, bodi ya kinu wanasema unaiua kwa makusudi. Isipokaa sawa Jumatatu, mimi na wewe tutaagana."

Alikuja moja kwa moja getini. Mume wake alikuwa ameshafariki, watoto wanne wako shule. "Mama, nikifukuzwa kwa hujuma, nani ataniajiri tena?" Nilimpa andazi, hakulila.

Jumapili baada ya misa alipewa ufunguo, nami nikamfuata. Kinu kikinyamaza, ile ofisi inatisha. Unasikia mabati yanavyojinyoosha juani, unadhani kuna mtu. Nilisimama mlangoni na mwiko mkubwa wa ugali, kwa sababu niliambiwa mtu akinaswa na umeme asukumwe kwa mti mkavu. Febronia aliwasha, akaandika, akangoja. Ikazimia. Akachomoa waya, akasubiri, midomo ikitembea taratibu. Kisha akaigusa kwa mgongo wa kiganja.

"Ina moto kama kikaango," akasema.

Akainua kitambaa. Joto likatupiga usoni. Akakitazama kitambaa, akaitazama mashine, akakaa chini.

"Mama, ni mimi. Nimeiziba pumzi."

Hapo ndipo niliogopa kweli. Maneno ya Egidius yalikuwa yamepata miguu.

Alifungua boksi. Feni ilikuwa imevaa pumba kama kondoo. Nikatumwa pampu ya baiskeli kwa mlinzi, tukapuliza vumbi mpaka tukapiga chafya wote wawili. Akawasha. Badala ya kuamka, ikalia mlio mmoja mrefu, kisha mwingine, kioo cheusi. Nikamwambia tuondoke. Akasema, "Hapana, kuna kitu tumekisogeza." Akachomoa, akasubiri tena, akatazama kila kitu humo ndani hadi akaona kipande kimoja chembamba, chenye meno kama kitana, kimekaa upande. Akakitoa, akasugua meno yake kwa raba ya kufutia penseli, akakisukuma kikalia "ka". Ikaamka. Ikaandika kwamba leo ni Januari 1980, nikapiga ishara ya msalaba. Febronia akasema ni betri yake ndogo tu imekufa.

Aliandika hadi jioni. Haikuzimia.

Nikamshauri, na nilisema kwa moyo wote, "Kitambaa tukichome jikoni. Nani atajua?"

"Naogopa kusema, mama. Lakini nikinyamaza nitaogopa kila siku."

Jumatatu akasema mbele ya wote. Egidius akarukia, "Si nilisema mimi!" Nilikuwa nimeshika birika dirishani.

"Egidius," Bwana Octavian akasema, "redio yako nyumbani imevaa nini?"

"Kitambaa, mzee."

"Cha maua?"

"Cha maua, mzee."

"Yangu pia. Na friji." Akamgeukia mwanangu. "Mama, rudi kazini. Na hii mashine utaifungua wewe tu."

Tangu hapo watu walileta kompyuta zao za nyumbani, nyingine zikitoka ng'ambo ya mto zimefungwa kwenye baiskeli kwa kamba za mkonge. Nyingi aliziponya, chache alizizika, na kila moja aliiogopa kama ya kwanza. Nyinyi mnaobaki, fanyeni kama yeye: chomoeni, subirini, anzeni na waya, na mashine ipumue.

Uongozi wa kinu na nyote mliofanya naye kazi, asanteni kwa kunitunzia mtoto. Egidius, nawe asante, sukari umerudishiwa zamani. Febronia, pumzika, lima bustani yako, lala hadi jua likuguse. Mungu akupe siku ndefu zenye raha.

Nami niseme hili nililolificha. Tangu ile Ijumaa, kila mtu alipotoka getini kabla ya king'ora cha kumaliza kazi nilikuwa nikishika kifua, nikidhani ni wewe umefukuzwa. Jumatano utatoka mchana kweupe, kinu kikiwa bado kinanguruma, na wenzako wakiwa nyuma yako wanaimba. Nitakaa kwenye kiti changu nikimimina chai. Sitashtuka.

Mama yako, Balbina.