Jaketi la Verlin Stroud

Wasikilizaji wapendwa, kama mna shughuli jikoni iacheni kidogo. Leo tunamkumbuka Verlin Stroud, mpiga picha wetu wa milimani. Verlin amefariki. Amefia juu ya Ziwa Corrigan, katika milima hii hii tunayoiona tukifungua mlango. Baridi ndiyo iliyomuua.

Wengi wenu mlimjua kwa mzigo wake. Zamani alipanda mlimani kama punda: begi zima la lenzi, na stendi ya chuma ya miguu mitatu begani. Magoti yakagoma. Mkewe, Marlys, akamwambia, "Chagua, mume wangu. Lenzi au magoti."

Hapo ndipo alipoanza kupunguza. Stendi akaiacha, kamera akawa anaifunga kwenye fimbo yake ya kutembelea. Lenzi akazigawa, akabaki na moja. Hata mswaki aliukata mpini. Siku moja alinipekua begi langu, akachomoa taulo na kulitupa sakafuni. "Na hili? Unakwenda kuoga na dubu?"

Kanuni yake mliisikia hapa hapa redioni: kila kitu begini kifanye kazi mbili. Kwa hiyo aliutupa pia mfuko wa kamera, ule mnene wenye sponji. Badala yake akaizungushia kamera jaketi lake la manyoya ya bata. Jaketi la kuvaa, hilo hilo mfuko wa kamera. Nusu ya wapandaji wa mji huu wanafanya hivyo. Hata mimi.

Wiki iliyopita alikwenda Ziwa Corrigan na Odell Brandvold, rafiki yake tangu shule. Jioni, Odell akisimika hema, Verlin akataka kukwea hadi kwenye genge aone kama mwanga wa asubuhi utafaa. Kamera aliiacha juu ya jiwe, imefungwa ndani ya jaketi.

"Vaa kitu, mzee," Odell akamwambia.

"Nachungulia tu, narudi. Wewe chemsha kahawa, acha kunilea."

Theluji ikaja ghafla, na ukungu juu yake. Odell akapiga filimbi. Akaita mpaka sauti ikamkauka. Halafu akafanya jambo moja ambalo alikuja kumsimulia Marlys: "Niliona kamera inalowa, shemeji. Nikaiingiza hemani. Nikaifunika na blanketi langu, maana najua alivyoipenda. Ndipo nikatoka kumtafuta, na jaketi nikaliacha mle ndani."

Verlin alionekana asubuhi, nyuma ya jiwe, akiwa na shati tu. Kutoka pale hema linaonekana.

Kamera ilikuwa kavu. Narudia, wasikilizaji: kamera ilikuwa kavu, na inafanya kazi mpaka leo.

Jana nilikwenda kwa Marlys. Nikasema yale tusemayo wote, kwamba ajali haina kinga. Akanitazama. "Kinga ilikuwepo," akasema. "Ilivaliwa na kamera."

Jaketi limetundikwa nyuma ya mlango wake. "Kila nikipita nalishika mkono," akaniambia. "Nalikuta lina joto. Sijui joto hilo linatoka wapi." Nililishika pia. Sitawaambia nilihisi nini, ila usingizi sijaupata.

Tunampa pole Marlys na ukoo wote wa Stroud. Nanyi mnaopanda wiki hii, tafakarini kabla ya kufunga begi. Punguzeni mzigo, sikatazi. Lakini mkiondoka penye begi, hata kwa kuchungulia tu, fungueni kamera kwanza, mvae jaketi. Kamera na ilowe.

Kuna jambo moja limebaki, nami nimetumwa. Tangu siku aliyomsimulia Marlys, Odell amejifungia. Hafungui mlango, hapokei simu. Lakini redio yake inasikika ikiwaka, majirani wameniambia.

Odell, ndugu yangu, Marlys hana neno nawe. Anasema angekuwa yeye pale, angeiingiza kamera hemani vile vile. Maziko ni kesho saa nne asubuhi. Wabebaji wa jeneza wamepatikana, ila mbele, upande wa kushoto, Marlys amekataa asiwekwe mtu mwingine.

Njoo umbebe.